Kashata za nazi za Valentine: kwa nini Iringa zinashika na Dar zinalowa?

#1 Mgeni wa Kigamboni
Wakuu salaam. Tarehe 14 inakaribia na mwaka huu ni Jumamosi, kwa hiyo kisingizio cha kazi sina.

Mke wangu keki hajali. Chokoleti ya dukani ataonja kipande, iliyobaki watamaliza watoto. Anachokipenda kwa dhati ni kashata ya nazi: ukiing'ata inakatika, ndani laini, iliki inapanda puani. Tulipokuwa Iringa, kila Siku ya Wapendanao nilikuwa nampikia mwenyewe, nakata umbo la kopa, napanga kwenye kopo la bati, na hiyo ndiyo zawadi. Zilikuwa zikikaa wiki nzima na bado nzima.

Sasa tumehamia Dar. Vipimo vilevile, sufuria ileile, mkono uleule: nazi mbili zilizokunwa, sukari nusu kilo, maji kikombe kimoja, iliki, chumvi kidogo sana. Nachemsha shira mpaka tone nikilidondosha kwenye maji ya baridi linakuwa kidonge cha kubonyea. Natia nazi, nakoroga mpaka inaachana na sufuria, namwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta. Zikiwa za moto zinashika, nazikata vizuri kabisa. Zikilala usiku mmoja, asubuhi zimetoa jasho, zinanata vidoleni, na kopa zimepoteza pembe.

Sitafuti mapishi mapya. Natafuta sababu.

#2 Shemeji wa Taifa
Mwanaume mzima umepanda mbuzi unakuna nazi kwa ajili ya Valentine? Mkuu, hilo limbwata limekolea. Naweka kiti hapa nisubiri wajuzi.

#3 Mama Vitumbua
#2 mwache mwenzio, wewe hata chai hujawahi kumpikia mtu.

Mgeni, jibu ni moja tu: unyevu wa hewa. Sukari inavuta maji. Dar mwezi huu, hasa huko Kigamboni karibu na bahari, nguo zenyewe hazikauki vizuri usiku. Kashata ukiiacha wazi inakunywa hewa mpaka inalowa. Iringa hewa ni kavu, ndiyo maana hukuwa na tatizo. Kopo lenye mfuniko wa kubana, funga zikiwa zimepoa kabisa, umemaliza.

#4 Nyanda za Juu
Mama Vitumbua, kwa heshima, Iringa ya Februari si kavu. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili. Februari tuko katikati ya mvua, ukungu asubuhi, tope kila mahali. Hewa kavu njoo Julai au Agosti. Kwa hiyo kama sababu ni unyevu, kashata za Valentine za huyu jamaa zingelowa hukohuko Iringa.

Mimi nasema ni mwinuko. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, si 100. Shira nayo inafuata hivyohivyo. Ukipika hadi nyuzi 118 Iringa, shira yako ina maji kidogo kuliko ya nyuzi 118 ya Dar. Watu wa peremende wanajua: kila ukipanda mita 300 punguza nyuzi moja. Wewe umefanya kinyume, umeshuka na kipimo cha mlimani.

#5 Fundi Baridi
Nyanda za Juu uko sahihi kuhusu mvua, lakini usimtupe Mama Vitumbua haraka. Kazi yangu ni viyoyozi na friji. Hewa ya nyuzi 17 iliyojaa unyevu hadi mwisho bado ina mvuke mchache kuliko hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80. Hewa ya joto inabeba maji mengi, ndiyo maana kiyoyozi Dar kinadondosha ndoo nzima. Kwa hiyo Iringa yenye ukungu na Dar yenye jua si sawa kabisa kwenye mizani ya maji.

Jambo jingine: wangapi hapa mnaweka kashata kwenye friji "zishike"? Ukizitoa zikiwa baridi, maji ya hewani yanatona juu yake kama yanavyotona kwenye chupa ya soda. Mgeni, ulizitia friji?

#6 Mgeni wa Kigamboni
Asanteni wote. Friji sikutia. Kipimajoto sina na sijawahi kuwa nacho, natumia tone kwenye maji ya baridi tu, Iringa na Dar. Kwa hiyo hoja ya mwinuko sioni inaniingiaje: tone haliulizi mita.

Kopo lilikuwa lilelile la bati, mfuniko wake unabana. Nilifunga usiku, asubuhi jasho liko ndani ya kopo.

#7 Chumvi Kidogo
Hayo maji ya baridi ndiyo mchawi! Iringa ukifungua bomba maji yanauma vidole. Dar maji ya bomba mchana ni vuguvugu. Tone likidondoka kwenye maji ya moto haliwezi kuganda sawa. Weka barafu kwenye bakuli la kupimia.

#8 Nyanda za Juu
#7 fikiria tena. Kwenye maji ya vuguvugu tone linabaki laini, kwa hiyo mtu anadhani shira haijafika, anaendelea kupika. Maana yake shira ya Dar ingepikwa ZAIDI, na kashata zingekuwa ngumu kuliko za Iringa, si laini. Hoja yako inamsukuma upande wa pili.

Mwinuko nauachia kwa Mgeni kwa sababu hana kipimajoto. Ila kwa wengine mnaotumia kipimajoto, ubakie pale pale.

#9 Chumvi Kidogo
Sawa, lakini barafu aweke tu.

#10 Mkwezi wa Muheza
Wote mnazungumzia sukari na hewa, na kashata nusu yake ni nazi. Hebu tuanze huko.

Mgeni, Iringa hakuna minazi. Nazi uliyokuwa unanunua sokoni ilikwezwa pwani, ikakaa kwenye chungu la mwenye shamba, ikapakiwa kwenye lori, ikapanda mlima Kitonga, ikakaa tena kwa muuzaji. Mpaka inafika kwako nyama yake imeanza kukauka, maji ya ndani yamepungua, ukiitikisa inalia sana. Kidogo inaelekea mbata. Dar unapata nazi ya wiki hii, na wauzaji wengine wanachanganya na koroma kwa sababu mnunuzi haangalii. Koroma ina nyama laini, maji tele, mafuta kidogo. Ukiikuna inatoka kama uji, haitoki kama chenga.

Nazi iliyokomaa vizuri yenyewe karibu nusu ya nyama ni maji na theluthi ni mafuta. Sasa koroma je? Unapika shira hadi kidonge, halafu unamwagia nazi yenye maji kuliko ya Iringa. Umeirudisha shira nyuma. Hiyo inaeleza hata jasho la ndani ya kopo: maji hayakutoka hewani, yalikuwa ndani ya kashata.

Chagua nazi yenye gamba la kahawia iliyoiva, isiyo na weupe kwenye kichwa. Ikune, ikamue tui la kwanza kidogo, usilimalize lote maana utapoteza utamu, kisha itandaze juani saa moja.

#11 Mama Vitumbua
Ukikamua tui utapata kashata ya machicha, inakwaruza koo. Tandaza juani, usikamue.

#12 Mkwezi wa Muheza
Nimesema kidogo, Mama. Kidogo.

#13 Mla Mihogo
Mimi kijana wa Dodoma nilimtengenezea mchumba kashata za karanga mwaka jana, nikazituma Dar kwa basi. Zilifika salama, akazila siku tatu, hazikulowa. Karanga haina maji ya nazi. Kwa hiyo naona hoja ya Mkwezi ina uzito. Mgeni apike za karanga kwa shira ileile Dar; zikishika tatizo ni nazi, zikilowa tatizo ni hewa.

Na ndiyo, tumeoana.

#14 Shemeji wa Taifa
Kwa kashata tu? Nipe hivyo vipimo.

#15 Tanga Kunani
#13 jaribio zuri ila halitoshi. Mimi napika kashata za karanga na za ufuta hapa Tanga, tena kavu kabisa. Nikiziacha kwenye sahani wazi, jioni zinanata. Nikizifungia kwenye kopo hazinati. Kwa hiyo hata karanga, ambayo haina maji, inalowa kwa hewa. Siwezi kumfuta Mama Vitumbua.

#16 Bi Chake
Nawasoma tangu jana nikasema ninyamaze, lakini mmeniudhi kidogo.

Pemba tumezungukwa na bahari, hewa yetu ina maji kuliko ya Kigamboni. Nimepika kashata za nazi tangu sijaolewa na sasa nina wajukuu. Muuza kahawa anazipanga kwenye sinia barazani, wazi, hazina mfuniko wala kopo, masika na kiangazi, anauza mpaka usiku na kashata ni kavu. Huko Kariakoo kwenu pia wapo, kawaulizeni. Kama hewa ndiyo inayolowesha, ya muuza kahawa mbona hailowi? Na nazi ya Pemba imeshuka mnazini majuzi tu, haikupanda lori lolote.

Mwanangu Mgeni, unamwaga mapema. "Inaachana na sufuria" bado. Ikifika hapo teremsha jikoni, weka sufuria chini, endelea kukoroga nje ya moto. Itakuwa nzito, mng'ao utapotea, mwiko utaanza kukwaruza, na ukitazama pembeni mwa sufuria utaona sukari imerudi kuwa sukari, nyeupe, chengachenga. Hapo ndipo unamwaga, tena haraka, maana ikikuzidi inagandia sufuriani. Kashata ambayo sukari haijarudi ni gundi yenye nazi, haiwezi kukaa hata ukiifungia chuma.

#17 Mwalimu wa Maabara
Shikamoo Bi Chake. Alichosema Bibi kina sababu yake na naomba niieleze kwa sababu ndiyo kiini cha uzi huu.

Sukari iliyopikwa inaweza kukaa kwa hali mbili. Ya kwanza ni kioo: inang'aa, haina chembe, kama peremende ngumu. Ya pili ni fuwele: chembe ndogondogo. Sukari ya kioo inavuta maji ya hewani hata hewa ikiwa na unyevu wa kawaida. Sukari ya fuwele haivuti kitu cha maana mpaka unyevu wa hewa ufike kama asilimia 85. Kashata za Bi Chake ni fuwele. Za Mgeni za Dar zimebaki nusu kioo.

Kuhusu shira yenyewe: kidonge laini ni nyuzi 112 hadi 116 usawa wa bahari, na hapo karibu asilimia 15 ya shira bado ni maji. Kidonge kigumu ni 121 hadi 130, maji yanashuka chini ya asilimia 10. Kwa nazi mbichi mimi ningekwenda kidonge kigumu.

#18 Bi Chake
Marahaba. Nyuzi sizijui ila umesema kweli.

#19 Fundi Baridi
Mwalimu, Dar usiku unyevu unapita asilimia 85 mara nyingi tu, hasa kuelekea alfajiri. Kashata za Mgeni zinaharibika "zikilala usiku". Za muuza kahawa zinaliwa jioni hiyohiyo, hakuna iliyolala kwenye sinia wazi. Kwa hiyo bado sijatoka kwenye hewa.

#20 Nyanda za Juu
Na kwa nini Iringa sukari ilikuwa inarudi bila yeye kujua? Alikoroga vilevile. Hilo hamjajibu.

#21 Mwalimu wa Maabara
Baridi. Jiko la Iringa lina nyuzi 18, la Dar lina 32. Ukiteremsha sufuria Iringa inapoa ukiwa bado unakoroga, na kukoroga shira inayopoa ndiko kunakozaa chembe. Dar sufuria inabaki ya moto, anamwaga kabla chembe hazijaanza. Mkono uleule, matokeo tofauti.

#22 Mkwezi wa Muheza
Inavutia, lakini haimtoi koroma ndani ya sufuria.

#23 Rangi ya Bahari
Swali ambalo hakuna aliyeuliza: kashata za Valentine ni nyekundu. Mgeni ulitia rangi gani?

#24 Mgeni wa Kigamboni
Umenigusa. Iringa nilitumia rangi ya unga ya dukani, inayouzwa kwa kipakiti. Dar nikasema mwaka huu nifanye ya asili, nikachemsha choya kavu, nikapunguza maji mpaka yakawa mazito, nikatia vijiko vitatu kwenye shira. Rangi ilitoka nzuri ajabu, kama damu ya mzee.

#25 Mwalimu wa Maabara
Kesi imeisha! Choya, au rozela kwa wengine, ina uchachu. Asidi ikichemka na sukari inaivunja vipande viwili, glukosi na fruktosi. Mchanganyiko huo haurudi kuwa chembe kirahisi, na fruktosi inavuta maji ya hewa kuliko sukari ya kawaida. Ndiyo kazi ileile ya ndimu kwenye shira ya kaimati. Umezuia sukari isirudi.

#26 Mgeni wa Kigamboni
Mwalimu subiri. Nilipika mara mbili: sufuria moja nyekundu, moja nyeupe bila choya wala rangi, kwa sababu watoto wanapenda nyeupe. Zote zililowa. Nyekundu zilizidi, hilo nakubali.

#27 Mwalimu wa Maabara
Basi kesi haijaisha.

#28 Mwana wa Makadara
Salamu kutoka Mombasa. Mwenzetu ukitaka nyekundu isiyosumbua, tengeneza mabuyu. Shira ya sukari, rangi nyekundu, hiliki, chumvi, pilipili kidogo, unamwaga mbegu za mbuyu, unageuza mpaka kila mbegu ivae. Uchachu wake ni wa asili ndani ya unga wa mbuyu na hakuna anayelalamika kuwa yananata. Unayatia kwenye mfuko mdogo wa karatasi, unafunga utepe. Mimi mke wangu ndivyo nilivyomwanza.

Na anayefikiria maua: waridi nyingi zinazokatwa Naivasha, huku kwetu Kenya, msimu huu zinapanda ndege kwenda Ulaya, kupitia Uholanzi. Zinazobaki mjini bei inapanda kwa wiki hiyo. Mabuyu bei ni ileile.

#29 Rangi ya Bahari
Ubuyu wa Zanzibar usiusahau, ule wa arki na pilipili manga. Nyekundu yake inabaki kwenye midomo mpaka kesho, inafaa sana siku hiyo.

Mgeni, ukitaka nyekundu bila uchachu jaribu bitiruti: kuna, kamua, chemsha maji yake yapungue, tia mwishoni sufuria ikiwa nje ya moto. Ukilipika muda mrefu rangi inageuka kahawia.

#30 Kijana wa Jumuiya
Mnanogesha tu, Valentine ilikuwa Jumatano ya Majivu mwaka jana, hatukula kitu. Mwaka huu nashukuru ni Jumamosi.

#31 Mama Vitumbua
Mwaka jana ilikuwa Ijumaa, mwanangu. Majivu na Valentine ziligongana 2024, na kabla yake 2018. Itajirudia 2029. Mwaka huu Majivu ni tarehe 18, na Ramadhani nayo inategemewa sikusiku hizo mwezi ukiandama. Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 14 ndiyo ya mwisho kwa wengi wetu kula tamu mchana kweupe bila hesabu. Pikeni.

#32 Haki ya Mungu
Mimi siingii kwenye Valentine, ni sikukuu ya wazungu ya kuuza masanduku ya chokoleti, iliyoanzishwa na Wamarekani.

#33 Kaka Kyela
Sanduku la chokoleti la umbo la kopa linahusishwa na Richard Cadbury wa Birmingham, Uingereza, miaka ya 1860. Si Wamarekani. Na Wajapani wanaifanya kivyao: tarehe 14 Februari wanawake ndio wanaowapa wanaume chokoleti, wengi wanaitengeneza nyumbani, halafu wanaume wanalipa tarehe 14 Machi. Kila mtu ameichukua akaivalisha nguo za kwao. Mgeni ameivalisha nazi, kosa liko wapi?

Ila niseme langu. Kakao inalimwa kwetu Kyela, na Watanzania wengi hawajawahi kuionja ikiwa chokoleti ya nyumbani. Mimi natengeneza. Mbegu zinavundikwa siku 5 hadi 7 zimefunikwa majani ya mgomba, zinaanikwa, ndipo unazikaanga kwa moto mdogo, unapepeta maganda, unasaga kwa mashine ya karanga mara nyingi mpaka inakuwa uji. Karibu nusu ya mbegu ni mafuta, kwa hiyo inajiyeyusha yenyewe. Sukari saga iwe unga kwanza. Usitie tone la maji, hata kijiko chenye unyevu, inashikana yote inakuwa udongo.

Kazi iko kwenye kuigandisha. Mafuta ya kakao yanaganda kwa aina sita za fuwele na ni moja tu inayong'aa na kukatika kwa mlio. Yeyusha hadi nyuzi 45 au 50, poza hadi 27, pandisha tena hadi 31, mimina. Ukiruka hatua inatoka na ukungu mweupe juu.

#34 Shemeji wa Taifa
Poza hadi 27? Dar chumba kizima ni 32.

#35 Kaka Kyela
Ndiyo maana nimesema Kyela... hapana, hata Kyela kuna joto, tuko kando ya Ziwa Nyasa. Napika alfajiri, na beseni la maji ya barafu chini ya bakuli, uangalifu maji yasiruke. Na chokoleti nzuri inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, kwa hiyo kwenye daladala saa saba mchana utakabidhi sharubati. Hizo za dukani zinazovumilia joto nyingi zina mafuta mengine ya mimea badala ya mafuta ya kakao.

2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani. Mwaka huo hata mimi niliona heri niuze mbegu, mke nimpe kashata.

#36 Bint Maskati
Nawasalimu kutoka Muscat, asili yetu Unguja. Mnapotaka tamu isiyolowa kwenye hewa ya bahari mmesahau halua. Wanga, sukari, samli, zafarani, iliki, maji ya waridi kutoka Jabal Akhdar. Inakorogwa masaa bila kupumzika, na hukaa miezi bila friji, hapa kwenye joto la nyuzi 40 na zaidi. Mume wangu ndiye anayekoroga. #2 sikia vizuri: halua ni kazi ya wanaume tangu zamani, Oman na Unguja, na hakuna aliyelishwa limbwata.

Kwenye bakuli dogo, lozi zimepangwa juu kwa umbo la kopa. Zawadi ya heshima.

#37 Shemeji wa Taifa
Nimenyamaza, shemeji. Naulizia mwiko wa halua unauzwa wapi.

#38 Fundi Baridi
Bint Maskati, halua haikauki wala hailowi kwa sababu maji yake yameshikwa na wanga na sukari. Tena haijaribu kuwa kavu. Kashata inajaribu.

#39 Mla Mihogo
Na jiko je? Iringa wengi wanatumia mkaa, Dar gesi. Gesi moto unapiga katikati, shira inafika kidonge katikati huku pembeni bado maji.

#40 Mgeni wa Kigamboni
Iringa nilitumia mkaa, ni kweli. Dar ni gesi. Sasa mmenipa washukiwa: hewa, nazi, kukoroga nje ya moto, choya, na jiko.

Leo nimekwenda sokoni nikachagua nazi kama Mkwezi alivyoagiza, muuzaji akaniuliza kama nanunua kwa ajili ya posa. Kesho nagawa nazi hizo sufuria mbili. Moja nitamwaga ikiachana na sufuria kama kawaida yangu, ya pili nitafuata Bi Chake mpaka mwiko ukwaruze. Zote nyeupe. Kila moja nitaigawa tena, nusu kwenye kopo, nusu kwenye sahani wazi. Bitiruti nitatia ya tarehe 14 tu.

#41 Mkwezi wa Muheza
Umesahau sufuria ya koroma.

#42 Nyanda za Juu
Na ya mkaa.

#43 Mama Vitumbua
Mnataka amalize mnazi mzima. Mgeni, mke wako anajua?

#44 Mgeni wa Kigamboni
Hajui, anadhani napika kwa ajili ya wageni wa kanisani. Ila mama mkwe yuko nyumbani wiki hii, amenikuta jikoni. Ameniambia nitie tone la ndimu kwenye shira, "ndiyo itang'aa". Bi Chake, nitie?

#45 Bi Chake
Usitie. Ndimu ni ya kaimati, unataka shira ing'ae isirudi sukari. Kashata unataka irudi. Mwalimu amekwisha kueleza hapo juu kuhusu choya, ndimu ni ileile.

#46 Tanga Kunani
Bibi nakuheshimu, lakini hapa Tanga tunatia ndimu kidogo hata kwenye kashata, isiwe ngumu kwa wazee wenye meno mabovu. Zinakuwa laini na zinauzika.

#47 Bi Chake
Na jioni zinanata, umesema mwenyewe #15.

#48 Tanga Kunani
Za #15 hazikuwa na ndimu, Bibi. Nilizipika kavu.

#49 Fundi Baridi
Hewa, jamani. Hewa.

#50 Mgeni wa Kigamboni
Mama mkwe amesimama mlangoni na ndimu ameshaikata.

#51 Bi Chake
Basi tia kwenye sufuria moja, uiandike. Na zile za mke wako zipike yeye akiwa sokoni.